Kabla Hujaagizwa

Umeme ulirudi saa tatu kasoro asubuhi.
Nikasikia friji ya jirani ikikohoa, nikajua ni wa kweli.
Nikaiwasha kompyuta, nayo, kama ada yake,
ikaamka ikidhani ni Januari, elfu mbili na tisa.

Betri yake ndogo, ya mviringo kama kifungo cha koti,
ilikufa zamani. Fundi Onzima anasema: elfu tano tu, shangazi.
Kila mwezi naahirisha.
Basi umeme ukikatika, na hapa Oli hukatika bila hodi,
mashine husahau yote niliyoiambia,
nami huingia kwenye ile skrini ya buluu
kuisogeza miaka mbele, mmoja mmoja, kwa kidole.

Leo kidole kimeteleza mistari miwili zaidi,
nikakuta swali ambalo hajawahi kuniuliza mtu:
prosesa ilete data kabla haijaombwa? Washa. Zima.
Na chini yake la pili, mdogo wake:
ukiomba mstari mmoja, ikuletee na wa jirani? Washa. Zima.

Nikampigia Onzima. Akacheka.
"Hiyo ni kama mtoto mwerevu, shangazi.
Umemtuma chumvi mara tatu; mara ya nne
unamkuta mlangoni, chumvi mkononi."
"Na kama nilitaka kiberiti?"
Nikasikia anapuliza kitu cha moto.
"Hapo amechoka bure. Na mkono umejaa."

Usikate mbeleko mtoto hajazaliwa, husema watu.
Mimi nilizaliwa usiku wa mvua, maduka yamefungwa;
nyanya yangu angeitii methali
ningebebwa kwa gunia la tumbaku.

Nikapima, basi. Daftari la chama chetu cha kuzikana,
wanachama mia mbili na kumi na wawili,
walio hai na tuliokwisha kuwazika:
nijumlishie michango yote tangu mwanzo.
Nikaishika saa ya Khemis.
Imewashwa: sekunde arobaini na moja.
Imezimwa: arobaini na tatu.
Nikarudia. Arobaini na mbili, arobaini na mbili.
Tofauti ya kupiga chafya.

Nikainuka kuchemsha chai,
na mkono wangu, bila kuagizwa na yeyote,
ukashusha vikombe viwili.

Mwaka wa tatu huu, Khemis.
Hujakohoa, maji yamefika.
Hujauliza miwani, iko kando ya redio.
Hukuwa mtu wa ahsante. Ulikuwa unasema, "Umejuaje?"
ukiniangalia kama mtu aliyeibiwa kitu kizuri.
Miaka thelathini mkono ulijifunza njia hiyo,
na sijui ni kitufe gani hubonyezwa
mtu akaingia ndani yake, akachagua Zima.
Kikombe cha pili kimekaa mezani,
kimechukua nafasi ya sahani ya kisra, ya daftari,
ya kiwiko changu.
Nikakitia chai nacho. Nikanywa vyote viwili.

Nikarudi. Maswali yako palepale, yanapepesa.
La kwanza nikaliacha Washa;
nani mimi nimkataze mwenzangu kubahatisha?
La jirani nikalizima. Majirani zangu nawajua.
Nikahifadhi. Nikatoka. Nikajiona fundi.

Saa tano na robo, giza kwenye skrini.

Ukirudi, itaamka tena Januari ile ile:
chama kina watu arobaini,
jirani amewashwa, kila kitu kinaletwa mapema,
na wewe umelala chumba cha pili, unakaribia kukohoa.

Elfu tano ninayo, kwenye kopo la majani ya chai.
Duka la Onzima liko ng'ambo ya barabara.
Nimevaa kiatu kimoja.