Safu ya Bado

Daftari langu lina safu tatu:
Ndiyo, Hapana, Bado.
Ndiyo nimeichora nyembamba, haijawahi kunilalamikia.
Hapana haina kazi, watu wa Hapana hawasimami.
Bado ndiyo pana, imevuka mstari wa pembeni,
imegeuza ukurasa.

Viwanja vya Mnazi Mmoja, hema namba arobaini na tatu,
kati ya chuo chenye spika mbili
na chuo kinachogawa maji baridi.
Sisi tuna kalamu, na peremende za mnanaa
ambazo ikifika saa sita zimeshikana na makaratasi yake
kama wanandoa wa mwaka wa kwanza.

Mama Kisaka, mkuu wa udahili, hutupanga mstari kila asubuhi:
"Bado si jibu. Bado ni ndiyo iliyolala. Mkaiamshe."
Nasi, na fulana zetu za bluu, tunaamsha.
Namwambia wa EGM: biashara.
Namwambia wa HKL: sheria, una sauti ya mahakama.
Namwambia aliyepata daraja la tatu akaja na shangazi:
kuna diploma, kuna cheti, mlango wetu hauna kizingiti,
ada ni kwa awamu nne.
(Hilo la ada hulisikia shangazi.)
Mkopo wa serikali?
Hapo nakohoa kidogo.
Hapo nasema, unaomba, Mungu anajalia.

Nakiete alikuja Jumatatu, akachukua kalamu.
Jumanne akachukua nyingine, akauliza
walimu wenu wa kudumu ni wangapi,
na wapita njia ni wangapi.
Jumatano: umeme ukikatika, maktaba inafanyaje?
Nilimjibu kwa kipeperushi.
Alikisoma chote, mpaka jina la mpiga chapa,
akakirudisha mezani kimekunjwa vizuri.
"Bado, kaka Mwinjuma."

Alhamisi akaniuliza mimi.
"Wewe ulisoma wapi?"
Hapahapa. Masoko. Tatu nukta nane.
"Na sasa?"
Nikatazama hema, meza, bakuli la peremende,
nikamkumbuka mfinyanzi na gae lake.
Sasa nasimama hapa, nikasema.
Hakucheka. Afadhali angecheka.
Alichukua kalamu ya nne:
"Basi angalau wanawaajiri."

Usiku, Tandika, chaja imefungwa kwa mpira isichomoke,
nawapigia watu wa Bado.
Nimeshajifunza kuzitofautisha kwa sikio.
Kuna bado ya ada.
Kuna bado ya baba anayetaka daktari
na mtoto anayezimia akiona damu.
Kuna bado ya mtu ambaye hajawahi kuulizwa
anataka nini, na leo anaulizwa
na mgeni mwenye kamisheni ya elfu ishirini kwa kichwa.
Hiyo ina kimya kirefu. Vocha inaisha ndani yake.
Mimi mwenyewe niliingia chuo kwa peremende.
Mwaka ule zilikuwa za tangawizi.

Siku mbili kabla dirisha la pili halijafungwa
Nakiete akapiga yeye.
"Nimeamua."
Nikavuta daftari, nikafungua kalamu kwa meno.
"Naenda Chang'ombe, VETA. Majokofu na viyoyozi.
Dar hii, kaka, nani hataniita?
Halafu zile kalamu zako nne,
inayoandika ni moja."

Nilikaa na simu iliyokwisha kukatwa.
Nikamfuta kwenye Bado, taratibu, karatasi isitoboke.
Hapana ilikuwa wazi, inamngoja.
Lakini sijasikia mtu mwaka huu
akisema ndiyo kwa sauti ile.
Nikamwandika kwenye safu nyembamba,
jina lote, na la baba yake.

Ijumaa Mama Kisaka atahesabu vichwa,
atakuta kimoja kimezidi.
Ataniuliza ni nani huyu, yuko wapi, amelipa?
Nitamjibu nini?

Bado.