Mahudhurio ya Saa Nane Usiku

Saa nane usiku, ghorofa ya nne, Mtaa wa Mahiwa.
Feni inazunguka kama mtu aliyepoteza funguo.
Huko chini paka wameachiwa Kariakoo mpaka alfajiri.
Mimi, na kibodi iliyofutika herufi A,
tunaandika barua moja
ya kupelekwa nyumba thelathini na saba.

Maduka yetu ya dawa yamechelewa dakika saba.
Si wauzaji. Ni saa zilizomo ndani ya kompyuta.
Risiti inadai mama alinunua dawa ya mtoto
kabla daktari hajaiandika.

Mwaka juzi kazi hii ilikuwa ya miguu:
Tegeta Jumatatu, Kimara Jumanne,
flashi shingoni kama hirizi,
na nikifika Gongo la Mboto
Tegeta imeshachelewa tena.

Sasa nina mistari kumi na moja.
Chukua jina la kwanza kwenye orodha,
bisha hodi, onyesha ufunguo,
rekebisha saa, uliza kama imesikia,
aga, nenda kwa anayefuata.
Orodha ikiisha, pumzika.

Nasoma mara tatu kabla ya kubonyeza.
Kosa la mkono lina vidole vitano;
kosa la kitanzi lina milango thelathini na saba.
Mwezi Machi niliandika *zima*
palipotakiwa *washa upya*,
skrini zikafumba macho kutoka Bunju hadi Chamazi,
na Bi Namsifu Mbwambo, meneja, akanipigia bila salamu.
Tangu hapo namtanguliza mmoja, duka la hapa chini.
Akirudi mzima, ndipo wenzake.

Nabonyeza.

Kariakoo: nipo.
Tandika: nipo.
Buguruni: nipo, baada ya kujivuta,
waya wake unapita nyuma ya jiko la chipsi.
Temeke, Sinza, Kimara, nipo, nipo, nipo.
Bunju anaitika kama aliyekuwa bafuni.
Mwalimu wa darasa la tatu alituita hivi,
bila kuinua uso,
kalamu ikinusa kimya cha mtoro.

Mbagala Rangi Tatu:

Mbagala Rangi Tatu:

Skripti haina hasira wala huruma.
Inaandika *hakupatikana*, inahamia Chamazi.

Thelathini na sita.
Nampigia mlinzi.
"Mzee Chilumba, samahani kwa usiku huu."
"Usiku ni wangu, mwanangu. Sema."
Namweleza kama nilivyoieleza mashine:
fungua, pita nyuma ya kaunta,
tafuta kijisanduku cheusi chenye taa mbili,
kama ya kijani imezimika
chomoa, hesabu hadi kumi, chomeka.
Nasikia kufuli, viatu, kikohozi.
Nasikia akihesabu kwa sauti; nane anairudia.

"Panya," anasema. "Wameutafuna waya.
Ngoja."
Mara kitu kinachanwa kwa meno.
"Nimeufunga plasta ya kidonda.
Mwambie meneja nitailipia asubuhi."
"Taa je?"
"Ya kijani. Inakonyeza."

Sikutarajia. Natuma tena, kwa jina lake peke yake.
Mbagala Rangi Tatu: nipo.

Mji mzima sasa una saa moja,
ingawa ni saa tisa kasoro robo.
Nashukuru, naaga, kidole tayari kwenye kukata simu,
na yule niliyempa amri tano bila hata moja kunirudishia kosa
ananiuliza jambo lisilo kwenye mistari yangu kumi na moja:

"Na wewe huko juu, umekula?"

Kwenye skrini kitone kinawaka, kinazima.
Thelathini na saba wote wanangoja neno langu.

"Bado," naitika.