Mlango wa Chumba cha Nyuma

Jumanne amri ilibandikwa ukutani mwa komini:
garanti isizidi miezi mitatu,
kodi isipande katikati ya mwaka.
Gundi haijakauka, mvua ya Bukavu ikaipitia.
Sisi wa redio tulikuwa tumeshainakili,
tukaisoma asubuhi, mchana na jioni,
kati ya tangazo la sabuni na majina ya marehemu.

Mkuu wa habari akasema: karatasi haina sauti.
Nileteeni mtu.

Nikapanda Kadutu, kinasa sauti mfukoni,
ngazi za matope, magunia ya mchanga yakizuia kilima,
mpaka kwa Nabintu, chumba cha nyuma,
ukuta mmoja wa tofali, mitatu ya mbao.
Dola arobaini. Mwaka jana ishirini na tano.
Akanipa kiti, yeye akakalia bidoni.
"Jina langu usilitaje.
Na la mwenye nyumba usilitaje. Anasikilizaka redio, ule."

Nikaapa, na sikuapa bure:
kompyuta yetu huishusha sauti ya mwanamke
ikawa ya mzee aliyelala vibaya.

Akasema aliomba risiti, akajibiwa risiti ni za dukani.
Akasema amri ameisikia, ndiyo, mara tatu kwa siku,
"lakini amri hailalake huku.
Inalala kule komini, kwenye nyumba ya serikali.
Yenyewe hailipake kodi."
Nilicheka. Kicheko changu nilikifuta baadaye.

Usiku studioni, jenereta ikikohoa, nikakata.
Nikakata jina la mtoto lililomponyoka,
nikakata "eee" kumi na moja,
nikakata kimya chake nilipomuuliza atahamia wapi:
sekunde tisa.
Redio haivumilii sekunde tisa,
watu hudhani umeme umekwenda.

Mlango niliuacha.
Mtoto aliusukuma akiingia na maji,
ukalia mara mbili, juu kisha chini,
bawaba yenye kutu, ungedhani imefunzwa kuimba.
Nikauweka mwanzo kabisa, kabla ya neno lolote.
Mkuu akafumba macho:
"Hapo sasa! Hapo msikilizaji anaingia ndani."

Aliingia.
Cirhuza, mwenye nyumba, alikuwa akinyoa ndevu.
Ile sauti ya mzee hakuitambua.
Bawaba aliitambua.
Miaka sita ameombwa mafuta ya kuipaka,
miaka sita imempokea kila tarehe thelathini
akija kuchukua chake.

Hakufoka. Alisema tu kijana wake anaoa,
chumba kinatakiwa.

Barua nne zilitufikia kusifu kipindi.
Moja iliuliza:
ile ala ya mwanzo inaitwaje, na inauzwa wapi?

Jumamosi nikarudi. Hakuna kijana aliyeoa.
Kuna mgeni aliyetoka Kamituga, dola sitini,
garanti ya miezi sita, taslimu, bila karatasi.
Mlango umepakwa mafuta.
Nabintu ameshukia upande wa Panzi, wengine wanasema Bagira,
jirani alinionyesha kwa kidevu tu,
maana mikono yake ilikuwa kwenye kinu.

Zile sekunde tisa sijazitupa.
Nazifungua watu wakishatoka, nikiongeza sauti hadi mwisho.
Kuna mtu anatwanga sombe nje.
Kuna maji yanayotulia ndani ya bidoni.
Halafu anavuta pumzi, kama anayeanza kujibu,
na hapo ndipo nilipoingilia na swali jingine.