Miezi Kumi na Moja

Muuzaji, kijana wa tai ya kijani,
anamwita Bi. Prosser aje aone lile kubwa,
jeusi, la viti vya ngozi.
Eluned hageuki. Ameinama,
anaisoma karatasi kwenye kioo cha jekundu dogo
kama asomavyo maelezo ya dawa.

Liliandikishwa Mei mwaka jana. Maili elfu nne.
Kodi ya barabara, haba. Bima, haba.
Silinda tatu tu, zinakoroma
kama paka aliyeshiba.

La Gethin lilikuwa lori lililojifanya gari.
Lilivuta kondoo, likavuta matope ya Powys nzima,
likanywa dizeli hadi akiba ya Krismasi.
Kondoo waliuzwa Septemba.
Siku hizi safari ni maktaba, kliniki,
na Jumapili kwa Mererid, vilima viwili na daraja.

Kipya kinyemi kingawa kidonda.
Hili si jipya, na kidonda chake
ni mkwaruzo chini ya mlango
na ganda la peremende ya mtu mwingine
kwenye mfuko wa kiti.

“Nani kalichoka upesi hivi?”
Kijana hajui. Anataja wastani wa mafuta.

Anaketi. Magoti yanaenea.
Kiti cha pili kiko karibu mno,
bega la mtu lingegusa bega lake.
Anaweka mkoba pale.
Anautoa. Anautupa nyuma.

Mei mwaka jana: udongo ulikuwa bado mbichi.

“Nalichukua,” asema,
“lakini mazulia ya miguuni unanipa bure.”