Makoti Arobaini

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuharibu.
Makoti arobaini, mapya, yangali yakinukia kiwanda,
na Bi Vaidilutė, pini mdomoni, akaniambia:
"Yazeeshe. Kesho saa kumi alfajiri yanakwenda vitani."

Vilnius, Januari. Ghala lililowahi kuunda redio,
hita moja tu, nayo iko miguuni pake.
Mimi nina kikwaruzo cha karoti, msasa,
ndoo mbili za chai ya rangi, dawa ya viatu,
na shahada ya ubunifu wa mavazi
ambayo mama ameitundika juu ya friji.

Nikakwaruza viwiko. Nikakwaruza kingo za mifuko
pale unapopita mkono wa mtu mwenye baridi.
Kola nikazipaka jasho la uongo:
mafuta kidogo, majivu kidogo, subira.
Kufika koti la kumi na tisa sikuona tena nguo.
Huyu hutumia mkono wa kushoto.
Huyu kalala kwenye nyasi mbichi wiki nzima.
Huyu anaficha mkate, tazama mfuko ulivyolegea.
Huyu koti si lake, ni la kaka yake;
mabega yanamcheka.

Husemwa nguo ya kuazima haisitiri matako.
Aliyesema hakuwahi kufanya kazi kwetu.
Kwetu mfalme kaazimwa joho hadi saa kumi na mbili,
bibi harusi kashikizwa pini mgongo mzima,
na wanasitirika,
almuradi kamera isizunguke nyuma.

Koti la thelathini na moja lilikuwa la Žygintas,
mwigizaji wa maneno manne.
Kifungo kimoja nikakikata, nikakishona upya
kwa uzi wa buluu kwenye kitambaa cha kahawia,
vibaya, kama mwanamume aliyefiwa na mke
ashonavyo usiku, asitake kuomba msaada.
Vaidilutė akakiona. Akatoa pini mdomoni.
"Nani kakwambia mkewe kafa?"
Hakuna. Kwenye mswada mtu huyo hana hata jina.

Alfajiri, theluji ya kweli juu ya theluji ya povu,
Žygintas alisimama akingoja kupigwa risasi,
na kidole gumba chake kikawa kinakizunguka kile kifungo,
kinakizunguka, kinakizunguka.
Hakuna aliyemwelekeza.
Kamera ilimchukua kuanzia mabegani kwenda juu.

Filamu ilipotoka, jina langu lilipita chini ya la mpishi,
herufi moja imekosewa,
mbiombio kama mtu anayekwepa deni.
Mama akasimamisha picha, akaweka kidole kwenye kioo.
"Ndiye wewe huyu?"
Karibu, mama. Karibu ndiye.

Tangu hapo nimepika damu ya sharubati sufuria nzima,
nimelala juu ya marundo ya sketi za karne mbili,
nimeambiwa "tutakupigia" na watu wasiouliza namba.

Jana usiku Vaidilutė kapiga.
Tamthilia ya televisheni, vipindi sita,
na safari hii nipewe meza yangu.
"Kuna mtu anazama ziwani. Nataka suti tatu:
kavu, iliyolowa, na ile ya kuopolewa asubuhi."
Nikamuuliza: alizama na nini mfukoni?

Kimya.
Nikasikia pini zikitua mezani,
moja, moja.

"Njoo na kikwaruzo chako," akasema.