Upepo wa Polepole

Februari, Pasua. Bati linapanuka, ta, ta,
na chini ya meza kompyuta yangu inahema
kama mtu aliyepandishwa Kibosho kwa mguu na mfuko wa saruji.
Naandika kanda za baba. Ziko kumi na saba,
alijirekodi mwenyewe mwaka ule wa mwisho
akitaja mifongo ya Uru, nani aliuchimba upi,
nani alilala zamu yake ikapita.
Kila akinyamaza avute pumzi
feni inaingia katikati, vuuu,
kama mgeni asiyejua kuwa mzee hajamaliza.

Aminieli, fundi wa nyuma ya stendi,
alifungua sanduku akapuliza.
Vumbi jekundu likamrudia usoni.
"Dada, humu unaweza kupanda mahindi."

Akaanza na maji.
Mirija miwili, pampu ndogo kama kidole gumba,
na taa za bluu ambazo sikuziomba.
Maji yanabeba joto, akasema, yanalipeleka kwenye rejeta,
yanarudi yamepoa.
Nikacheka. Huyo namfahamu, huyo ni mfongo,
ila wa kwetu maji yakienda yameenda,
na usiku wa zamu baba alitoka na jembe na tochi
kulinda tone lake lisigeuzwe njia na jirani.
Najua ukingo unavyovuja. Haupigi hodi.
"Na hii ikivuja?"
"Haivuji."
"Nauliza ikivuja."
Akajikuna shingo, akairudisha kwenye boksi.

Akatoa pande la aluminiamu, mapezi matupu,
zito kama kinu, halina feni, halina sauti.
Nililipenda. Nililishika muda mrefu kuliko adabu ya dukani.
Lakini kimya cha namna ile kinataka baridi ya kukilea,
na Pasua saa nane mchana hata mbwa anahama na kivuli.
Theluji ipo, ndiyo, pale juu tunaiona,
haijawahi kumpoza mtu wa huku chini.

Mwisho, kutoka rafu ya juu, bila maneno mengi,
feni pana kama sahani ya wali.
"Ile yako ndogo inalia kwa sababu inakimbia.
Hii inatembea."
Elfu themanini na tano. Tukagombana kidogo,
nikaipata kwa sabini na nane,
na grisi ya kijivu kiasi cha punje ya choroko, bure,
na ushauri: tundu la mbele ulivike soksi ndefu kuukuu,
ile ya nailoni, vumbi likomee hapo.
Nilikuwa nayo. Ya sare ya kwaya, imetoboka kisigino.

Usiku nikawasha. Nikadhani imekufa.
Nikapeleka kiganja nyuma ya sanduku:
hewa ya uvuguvugu, kidogo,
kama ndama anakunusa.

Kanda ya tisa.
Baba anasema, mfongo huu ulichimbwa na mzee Makyao,
kisha ananyamaza avute pumzi,
na ndani ya ile pumzi, kwa mara ya kwanza,
kijiko kinagonga sufuria,
mlango wa jikoni, kuku,
halafu mama.
Mama, ambaye hakuna aliyemrekodi hata neno moja,
yuko kule nyuma anakoroga kitu, anasema bila kupaza:
"Si Makyao. Ni Ndemasi. Makyao aliuzibua tu."
Na baba anaendelea, hakusikia, au alisikia.

Nikarudisha. Nikasikiliza tena.
Nikafuta Makyao, nikaandika Ndemasi,
nikakaa nikiitazama ile kalamu ya kioo ikipepesa,
kurasa mia moja na arobaini nilizokwisha kuandika,
zote zimesikilizwa nusu.

Saa saba na robo. Nikachemsha chai.
Nikaanza upya, kanda ya kwanza.