Sekunde Nne

Usiku mia tatu na kumi na mbili, pale Lyon,
nilikaa kwenye kishimo chini ya jukwaa,
daftari magotini, taa ndogo kama punje ya mahindi,
nikimnong'oneza Odilon maneno aliyoyasahau.
Aliyasahau machache. Kilichonipa kazi ni kicheko.

Ilikuwa hivi: mke anafungua kabati,
anamkuta shemeji ndani, amejivika koti lake la manyoya,
naye shemeji anasema, "Nilikuwa napita tu."
Hapo watu walivunjika mbavu. Sekunde nne.
Mvua ikinyesha, tano. Jumatatu, mbili na nusu.
Odilon alingoja, mkono kwenye kitasa,
mpaka kicheko kianze kushuka
kama maziwa yaliyoepuliwa motoni,
ndipo akaongeza, polepole, karibu kwa aibu:
"Hakuna mlango mwingine ulionifungukia."

Kisha wakaja watu wa filamu.
Wakaijenga nyumba ile ile ndani ya ghala, nje ya Paris,
kuta za mbao, dirisha lisiloona kitu,
na jambo la kwanza walilotuomba ni kimya.
Sisi, tuliokula kwa kelele za watu!

"Nilikuwa napita tu," akasema Odilon.
Hata mbu angesikika.
Odilon akangoja. Moja, mbili, tatu, nne.
"Kata! Unangoja nini?"
Angejibu nini? Kwamba anamngoja
mama mnene wa safu ya tatu,
yule aliyecheka kwa kukoroma, akawaambukiza wenzake?
Wakarudia mara tisa, hadi akajifunza kutongoja.

Jana nimekwenda sinema, Villeurbanne,
tiketi ya wazee, euro sita. Odilon hakuja; ana mguu.
Ukumbi umejaa, harufu ya bisi na makoti yaliyolowa.
Kabati likafunguka. "Nilikuwa napita tu."
Wakacheka, jamani, wakacheka kama zamani,
na chini ya kicheko chao
midomo ya Odilon, mikubwa kama kitanda,
ikacheza bila sauti.
Filamu haimsubiri mtu. Wakaingia polisi,
likaanguka sufuria la supu, wakacheka tena.

Nikajikuta nimeinama,
magoti yakilitafuta daftari,
nikinong'ona, "Hakuna mlango mwingine..."

Kijana wa kiti cha mbele akageuka,
kidole mdomoni:
"Sss! Bibi, tunataka kusikia."